Ukitoa komplesa, usikimbilie mkanda mfupi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie ushauri uliotolewa kwenye safu yenu ya magari. Msomaji aliuliza afanye nini baada ya komplesa ya AC ya gari lake, yaani pampu inayokandamiza gesi ya kupoza, kukwama. Akajibiwa kwa sentensi moja: aitoe, kisha anunue mkanda mfupi zaidi. Sentensi hiyo nimeisoma mara tatu. Uongo haina, ila imekatwa katikati, na mimi nimewahi kuharibu injini ya mtu kwa kuifuata nusu hiyo hiyo.

Mimi ni fundi wa injini, mwanamke, na huu ni mwaka wangu wa 22 nikishika spana. Kosa ninalotaka kulisimulia nililifanya mwaka wa tano, wakati tayari nilikuwa naaminiwa na watu na nimeanza kujiamini kupita kiasi. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nitalieleza lote.

Ilikuwa gari ndogo ya mizigo, yenye mkanda mmoja mrefu wa mbavu sita, yaani matuta membamba upande wa ndani, ule ambao wengi bado tunauita fenibelti ingawa feni yenyewe siku hizi huzungushwa na mota yake. Mkanda huo mmoja, ukivutwa na krenki, yaani shafti kuu ya injini, ulizungusha puli (magurudumu ya mkanda) za altaneta inayochaji betri, pampu ya maji, pampu ya pawa stelingi na komplesa. Beringi ya komplesa ilikuwa imekatika, puli imeng'ang'ana, na mkanda ulikuwa umetoa moshi hadi ukaungua ubavu mmoja. Mwenye gari hakuhitaji AC. Aliniambia, "Toa huo mzigo, nataka kufanya kazi kesho." Nikatoa komplesa na breketi yake. Nikachukua uzi, nikauzungusha kwenye puli zilizobaki kwa njia niliyoiona fupi na nyoofu, nikapima, nikaagiza mkanda wa urefu huo. Ukaingia vizuri. Injini ikawaka, mkanda haukulia, taa ya betri ikazimika, stelingi ikawa laini. Nilifunga boneti nikiwa nimeridhika kabisa.

Wiki haikuisha, mwenye gari akarudi. Kwenye tambarare hana shida, lakini akipanda mlima na mzigo, mshale wa joto unapanda na injini inachemsha. Nikabadilisha thamostati. Akarudi. Nikaosha rejeta, nikabadilisha na kifuniko chake. Mara ya tatu gari lilikuja likivutwa kwa kamba, maji yameingia kwenye oili, gasketi imeungua na silinda hedi imepinda.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuja kuniangalia siku ile. Hakugusa spana. Alisimama mbele ya injini, akasema, "Binti, weka kidole kwenye puli ya krenki. Haya, fuata mkanda, kila ukifika kwenye puli niambie inazunguka upande gani."

Nikafuata. Krenki, kulia. Pampu ya stelingi, kulia. Altaneta, kulia. Pampu ya maji, kulia.

"Na siku ulipofungua mkanda wa zamani, pampu ya maji ilikuwa ikizunguka upande gani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuangalia. Mzee akaenda kwenye rundo la vyuma chakavu, akauvuta ule mkanda ulioungua, akaugeuza mgongo. Ulikuwa unang'aa. "Mgongo huu uling'arishwa na nani?" akaniuliza. Tukarudi kwenye injini. Puli ya pampu ya maji ilikuwa laini, haina mfereji hata mmoja, na juu yake nilikuwa nimekalisha mbavu za mkanda wangu mpya. Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote hizo.

Naomba wasomaji wanivumilie hapa, maana ndipo penye kiini cha barua yangu. Mkanda wa namna hii una pande mbili: upande wa mbavu na upande wa mgongo. Puli yoyote inayozungushwa na mbavu huzunguka upande ule ule wa krenki. Puli inayozungushwa na mgongo huzunguka kinyume chake. Mtengenezaji wa injini anaponuia pampu ya maji iende kinyume, huipitisha mgongoni, huipa puli laini, na mapanga yaliyo ndani ya pampu huyaelekeza upande huo. Komplesa niliyoitoa ndiyo iliyokuwa inaulazimisha mkanda kupita upande wa pili wa pampu. Ilipoondoka, uzi wangu ulijinyoosha na kuikumbatia pampu kwa ndani. Nilipunguza urefu wa mkanda na wakati huo huo nikaigeuza pampu bila kujua.

Pampu ya maji iliyogeuzwa haiachi kusukuma moja kwa moja, na hilo ndilo linalowadanganya mafundi. Bado husukuma maji kidogo, yanayotosha gari likiwa limesimama au likitembea polepole. Inapotakiwa kazi kubwa, maji hayatoshi. Ndiyo maana mtu hubadilisha thamostati, rejeta, kifuniko, hata gasketi, na kila mara gari hutoka gereji likionekana limepona.

Altaneta ni tofauti kidogo, na ni vizuri watu wajue. Kwa kawaida huchaji hata ikizungushwa kinyume, kwa hiyo taa ya betri haitakuonya. Lakini mapanga yake ya kujipoza yametengenezwa kwa upande mmoja, na ukiigeuza itafanya kazi ikiwa na joto zaidi ya inavyostahili. Kwenye injini kadhaa za dizeli za zamani, zikiwemo Toyota 2L na Isuzu 4JB1, hatari ni kubwa zaidi: nyuma ya altaneta kumefungwa pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, inayohudumia busta inayoongeza nguvu ya breki. Ukigeuza altaneta ya namna hiyo, au ukiiacha iteleze, unagusa breki za gari. Hapo siwezi kuita ufundi kitu kinachofanywa kwa kukisia.

Na pampu ya pawa stelingi nayo isitolewe kwa pupa. Yapo malori na magari makubwa ya abiria ambayo breki zake husaidiwa na mafuta ya pampu hiyo hiyo. Fuata mipira yake mpaka mwisho kabla ya kufungua bolti ya kwanza. Mpira mmoja ukielekea kwenye breki, acha pampu mahali pake.

Narudi kwenye ushauri wa safu yenu. Swali ambalo msomaji yule alipaswa kuulizwa kwanza ni hili: kilichokwama ni nini? Komplesa nyingi zina klachi ya umeme mbele. AC ikiwa imezimwa, puli huzunguka bure juu ya beringi yake na shafti ya komplesa imesimama. Kama mfumo umepoteza gesi tu, au komplesa imekufa ndani lakini puli inazunguka laini, huna haja ya kutoa kitu wala kubadilisha mkanda. Chomoa waya wa klachi, basi. Puli ile inaendelea kuwa kiongozi wa mkanda kama ilivyokuwa. Kama beringi ya puli ndiyo inayounguruma, beringi hubadilishwa peke yake na kazi inaishia hapo. Kujua ni rahisi: vua mkanda, zungusha puli kwa mkono, sikiliza.

Isipokuwa, na hili ni muhimu, baadhi ya komplesa za magari ya karibuni hazina klachi. Shafti yake inazunguka muda wote injini ikiwaka. Komplesa ya aina hiyo ikikosa gesi, inakosa pia mafuta yanayosafiri pamoja na gesi, na itajisaga hadi ikwame. Hiyo ndiyo ya kutoa, au kuwekewa puli ya bure mahali pake kwenye breketi ile ile. Kwa injini kadhaa puli za kuziba nafasi namna hiyo huuzwa tayari, na mimi huzipenda kuliko njia nyingine zote kwa sababu mkanda unabaki na urefu wake wa awali, na njia yake haiguswi. Na anayetoa komplesa yenye gesi asifungue mpira na kuiachia hewani. Gesi ya AC ya aina ya R-134a inahifadhi joto kwenye anga zaidi ya mara elfu moja ya hewa ya kaboni kwa uzito ule ule. Mafundi wa AC wana mashine ya kuinyonya.

Sasa tuseme hakuna njia nyingine, komplesa imetoka na mkanda lazima upangwe upya. Baada ya kuangalia upande wa kuzunguka, kinachonishughulisha zaidi ni mkumbato, yaani sehemu ya puli inayoguswa na mkanda. Yeyote aliyewahi kufunga mashua au mnyama kwenye nguzo anajua jambo hili mikononi mwake: kamba ikipita tu pembeni ya nguzo inateleza, ukiizungusha mara moja unaishikilia kwa mkono mmoja. Hesabu yake ilifanywa na Leonhard Euler katika karne ya 18. Nitaieleza kwa namba. Chukua msuguano wa 0.3, na upande uliolegea wa mkanda uwe umevutwa kwa nguvu ya kilo 20. Mkanda ukikumbatia nusu ya puli, upande wa pili unaweza kufikia kilo 51 kabla ya kuteleza, kwa hiyo kilo 31 ndizo zinazozungusha puli. Ukikumbatia robo tu, upande wa pili unaishia kilo 32, na za kuzungusha puli ni 12. Umepunguza mkumbato nusu, umepoteza zaidi ya nusu ya nguvu. Mkanda wa mbavu hushika vizuri kuliko kamba kwa sababu mbavu zinajikita ndani ya mifereji, lakini uwiano unakwenda vivyo hivyo.

Ndiyo maana gari lililotolewa komplesa na kupewa mkanda mfupi huweza kwenda vizuri mchana, kisha usiku wa mvua, taa zikiwa zimewaka, waipa zinafuta na feni ya ndani inapuliza, mkanda ukaanza kulia na betri ikashuka. Altaneta ina puli ndogo kuliko zote na hudai nguvu nyingi. Puli ya krenki ya milimita 150 ikizungusha puli ya altaneta ya milimita 55, altaneta huzunguka takriban mara 2.7 kwa kila mzunguko mmoja wa krenki. Puli ndogo kama hiyo ikiguswa kwa robo tu, mbavu chache zinabeba kazi yote. Watu wengi hujibu kelele hizo kwa kukaza mkanda zaidi, na miezi michache baadaye beringi ya altaneta au ya pampu ya maji inakatika. Dawa ni kuongeza puli ndogo ya kuongoza, ile tunayoiita aidla, inayosukuma mgongo wa mkanda ili uizunguke altaneta vizuri. Mimi siridhiki mkumbato wa altaneta ukiwa chini ya theluthi moja ya puli, na nikipata nusu nalala usingizi.

Kukaza kwenyewe kuna upande wake. Krenki ndiyo inayovuta. Kipande cha mkanda kinachoingia kwenye krenki kimekazwa na mvuto huo, na kipande kinachotoka ndicho kilicholegea. Tenshena ya springi, yaani kikaza mkanda, huwekwa kwenye kipande kinachotoka, kwa kuwa kazi yake ni kumeza ulegevu. Fundi anapohamishia altaneta mahali palipokuwa na komplesa, au kubadilisha mpangilio wa puli, huweza kuiacha tenshena upande wa kuingia. Hapo kila mzigo unapoongezeka, mkanda unaisukuma springi, mkono wa tenshena unacheza kama mkia, na mkanda unateleza hata ukiwa mpya. Washa injini, simama pembeni, angalia mkono wa tenshena. Ukitikisika sana, usinunue tenshena nyingine kabla hujafuata mkanda kwa kidole. Kwa kidole hicho, bila shaka, injini iwe imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Nimeona vidole vilivyokatwa, na nywele na mikono mirefu ya nguo vina hatari ile ile.

Upande wa krenki wenyewe usiuchukulie kwa mazoea. Injini nyingi, ukisimama upande wa mikanda, huzunguka kama mishale ya saa. Lakini Honda kadhaa za zamani huzunguka kinyume. Gusa stata kidogo, mtu mwingine akiangalia, ujue kwa hakika.

Kwa urefu wa mkanda, uzi niliotumia siku ile haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa njia niliyoupitisha. Weka tenshena katikati ya alama zake mbili, pitisha uzi usionyumbuka kwenye njia uliyoithibitisha, weka alama, pima kwa milimita. Mkanda ulioandikwa 6PK1750 una mbavu sita na urefu wa milimita 1750. Ubavu mmoja una upana wa milimita 3.56, hivyo mkanda mzima ni kama milimita 21. Kama altaneta ndiyo inayokazia kwa kusogea kwenye breketi yenye mfereji, pima ikiwa imesogezwa karibu na ndani, ili mkanda uingie bila kulazimishwa na ubaki na nafasi ya kukazwa ukianza kulegea. Usiulazimishe mkanda kuingia kwa bisibisi. Nyuzi za ndani zinakatika bila kuonekana kwa nje.

Mambo mengine ni mafupi. Puli zote ziwe kwenye mstari mmoja. Weka rula ndefu ya chuma kwenye nyuso zake, na mchepuko wa kuzidi milimita moja na nusu kwa kila milimita 300 usiukubali. Hakikisha mkanda haujaruka mfereji mmoja, kwani ubavu ukining'inia nje utachanika wote. Breketi ya komplesa angalia kama haishikilii pia altaneta, maana nimekuta altaneta iliyobaki na bolti moja ikitikisika hadi sikio lake likavunjika. Matundu ya bolti yaliyobaki wazi mengine yanafika kwenye njia ya maji au ya oili, kwa hiyo yazibwe kwa bolti fupi yenye silikoni. Na puli ya krenki isibadilishwe kwa ile ya chuma kitupu eti kwa sababu mzigo umepungua. Kwenye injini nyingi mpira ulio ndani yake ndio unaomeza mtikisiko wa krenki.

Injini za mikanda mingi mifupi ya umbo la V, zilizotawala kabla mkanda mmoja mrefu haujaanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1970, zilikuwa na huruma zaidi kwa kosa langu. Mara nyingi komplesa ilikuwa na mkanda wake peke yake, ukiutoa umemaliza. Nadhani ushauri wa sentensi moja ulizaliwa enzi hizo. Kwa magari ya sasa mkanda mmoja unabeba kila kitu, na kutoa puli moja ni kubadilisha njia ya zote.

Hedi ya gari lile niliipeleka kusawazishwa na gharama yote nikaibeba mwenyewe. Nilipolifunga tena, niliweka puli ya bure yenye mifereji mahali pa komplesa, nikairudisha pampu mgongoni mwa mkanda, nikachora njia yake kwa kalamu isiyofutika chini ya boneti, na kila puli nikaiwekea mshale. Tangu siku hiyo sijatoa gari gereji nikiwa nimegusa njia ya mkanda bila kuacha mchoro. Kibandiko cha kiwandani kinaonyesha mkanda wa awali, na gari likishabadilishwa, kibandiko hicho kinampoteza fundi wa kesho. Nawasihi mafundi wenzangu na wenye magari: mkichukua gari lililotolewa komplesa, dai mchoro, au chora mwenyewe siku ile ile kabla mkanda haujafunguliwa.

Mhariri, kwa heshima naomba safu yenu imrudie msomaji yule kabla hajatoa komplesa, imwambie aangalie kwanza puli yake ya pampu ya maji kama ni laini au ina mifereji. Pamoja na barua hii nimetuma michoro miwili niliyochora kwa mkono. Wa kwanza ni njia sahihi ya gari lile, wa pili ni njia niliyoifunga mimi mara ya kwanza. Kama nafasi ni moja tu, chapeni ule wa pili na kosa lake likizungushiwa duara, kwa sababu ukiutazama haraka ndio unaoonekana kazi safi kuliko mwenzake.

Wenu,
Fundi wa injini na msomaji wa gazeti lenu